Bibi wa Kifaurongo

Chamazi, Dar es Salaam
6 Februari 2022

Shangazi Mwajabu, shikamoo.

Naamini umefika Masasi salama na miguu haikuvimba sana njiani. Ulisema nisikupigie simu tena, kwamba unachosikia ni mvumo tu kama wa mashine ya kukoboa, basi nimenunua karatasi. Barua nimempa dada anayekata tiketi za mabasi ya kusini pale Mbagala. Nivumilie mwandiko. Mie na kalamu tuliachana siku nyingi.

Shangazi, mchezo umetoka. Ule tuliokuwa tunautengeneza mie na Rogers, yule mwenzangu mrefu wa Bukoba uliyekuwa unamlazimisha aongeze ugali. Sasa mtu yeyote mwenye simu kubwa anaupata. Tumeuita Kifaurongo, kama ule mmea unaojikunja ukiguswa. Nakueleza tena kwa sababu siku ya kurekodi ulisema "sawa" lakini macho yako hayakuwa sawa. Kuna msichana anaitwa Somoe. Anatumwa dukani huku kwetu Mbagala, na njiani yanatokea majitu. Mchezaji anamwendesha Somoe kwa kidole. Jitu likikaribia, Somoe anajilaza kama maiti, akitikisika analiwa. Anayemwambia ajilaze lini na aamke lini ni bibi yake, ambaye haonekani sana, anasikika tu. Bibi huyo ni wewe.

Rogers anaandika maelekezo ya kompyuta, mie nachora. Hatuna mtu mwingine. Michoro imenoga, usinione najisifu. Studio yetu, tuliyoipa jina Ukuti, bado ni vile vyumba viwili nyuma ya fundi simu, na yale magodoro tuliyokuzungushia kuzuia kelele za gereji bado yamesimama ukutani, hakuna aliyetaka kuyashusha.

Juzi nilimkuta bodaboda mmoja kijiweni anacheza. Akaniambia, "Sista, huyu bibi sijui wamemtoa wapi. Nikiliwa anasikitika kweli, kama mama yangu mzazi." Sikumwambia kwamba nakufahamu. Niliondoka nacheka peke yangu barabarani.

Masikio yanaendeleaje?

Mwanao,
Tunu


Masasi
27 Februari 2022

Mwanangu Tunu,

Marahaba. Barua imefika, haikulowa. Makosa ya tahajia nimeyapigia mstari mwekundu, ni mazoea ya ualimu, usinune. Na mkubwa hatumwandikii kwamba kitu "kimenoga".

Benedicta, mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni muuguzi hapa, alikuja na simu yake akanionyesha mchezo wenu. Nilimwona Somoe amelala katikati ya barabara na jitu linamnusa. Nikaona na midomo ya bibi inacheza. Benedicta alicheka, kisha akafuta macho. Nikamwuliza nimesema nini hapo, akaniandikia kwenye kipande cha gazeti: "Jilaze mjukuu wangu, huyo anapita tu." Ni kweli niliyasema hayo, nakumbuka, ila wakati ule sikujua yanakwenda wapi.

Jirani yangu Zubeda aliikamata ile simu akaiweka sikioni na hakutaka kuirudisha. Wewe unamjua, tumechangia ukuta tangu tulipoolewa. Hakusoma, kwa hiyo hawezi kuniandikia. Tunaelewana kwa mikono, na mara nyingi hatuelewani. Alikuwa ananionyesha koo lake, halafu ananielekezea mimi. Nadhani alimaanisha ni mimi yule yule.

Masikio hayatarudi. Daktari wenu wa Dar alinieleza hivyo na nimekubali. Siku hizi nasema kidogo. Mtu asiyejisikia hajui kama anafoka au ananong'ona, na nimewaona watu wakigeuka kunitazama sokoni.

Kuna jambo sijalielewa. Somoe akiliwa, mbona anarudi dukani kana kwamba hakuna kilichotokea?

Shangazi yako,
Mwajabu


Kinondoni, Dar es Salaam
19 Novemba 2022

Shangazi, shikamoo.

Ungetuona usingetujua. Angalia nilipoandikia barua hii: Kinondoni, ghorofani, kuta za vioo. Nina meza inayopanda na kushuka kwa kubonyeza. Kifaurongo imetushinda wenyewe. Temeke nzima watoto wanajilaza barabarani wakiona gari, mpaka mwalimu mkuu mmoja akatuandikia kulalamika. Tulikwenda Nairobi kwenye mashindano, tukarudi washindi. Rogers alilia jukwaani, halafu akasema ni mafua.

Baada ya Nairobi ndipo alipokuja Audax. Ana kampuni yake ya mambo ya simu, na amejiunga nasi. Ndiye aliyepanga ofisi, ameajiri vijana wa kuchora na wa kuandika kompyuta, wengine sijashika hata majina. Ni mpole. Ana tabia ya kutikisa kichwa akikubali kabla hujamaliza kusema, mpaka unasahau ulitaka kusema nini.

Tunafanya sehemu ya pili, na Audax anasema roho ya mchezo ni bibi. Anaomba uje tena Januari, urekodi mengi zaidi. Safari hii ni chumba cha kurekodia cha kweli, hakuna magodoro. Nimemwambia husikii. Akasema haidhuru, Rogers atakuelekeza kwa mikono, na kwamba tukirekodi ya kutosha hutasumbuliwa tena na safari.

Kuhusu Somoe, anarudi kwa sababu ni mchezo. Nimejaribu kutafuta jibu zuri zaidi, nimekosa.

Mwanao,
Tunu


Masasi
30 Januari 2023

Mwanangu Tunu,

Nimefika salama. Nashukuru kwa kitanda chako na kwa supu. Sasa naomba unieleweshe, maana tangu nishuke basi nimekuwa nikijaribu kuelewa nilichokisoma mle chumbani, na kila nikipanga hakipangiki.

Nilisoma majina ya watu, ukurasa baada ya ukurasa. Anselmo, Flaviana, Herieth, Zubeda, Deogratias. Baada ya hapo sehemu za mwili. Kisha maneno kama "umeamkaje leo", "umekula nini", "usisahau", "nitakupigia tena kesho". Kuna mahali niliambiwa nisome "miguu inakuwaka moto?" kwa huruma, halafu kwa furaha, halafu kwa huruma tena. Somoe ametumwa dukani. Kwa nini nimwulize Flaviana habari za miguu?

Sikutaka kuuliza mbele ya Audax kwa sababu alikuwa ananiletea chai yeye mwenyewe, ni kijana mwenye adabu. Rogers alikuwa ananionyesha kwa mkono nipandishe au nishushe sauti. Nilimwona amechoka. Nilipomwuliza, alinyanyua mabega.

Wewe sikukuona mle chumbani hata siku moja. Ulisema una vikao.

Shangazi yako,
Mwajabu


Kinondoni, Dar es Salaam
8 Mei 2023

Shangazi, shikamoo.

Nimemwuliza Rogers, akasema anadhani sehemu ya pili ina hospitali. Nikamwuliza Audax, akasema mchezo utakuwa unamwita kila mchezaji kwa jina lake, ndiyo maana ya majina. Nilimwuliza na habari ya miguu. Akatikisa kichwa akikubali, halafu tukaingia kwenye kikao.

Nilikuwaga najua kila kitu kilichomo kwenye Kifaurongo, hata jiwe gani liko wapi. Siku hizi nafungua mchezo nakuta vitu sijachora. Juzi bibi alikuwa katikati ya kumwambia Somoe ajilaze, likatokea tangazo la sabuni, na tangazo lilipoisha Somoe alikuwa ameshaliwa. Watu wametukana sana mitandaoni. Mie nikawa nawajibu mmoja mmoja kuomba radhi, Audax akaniambia niache, eti hiyo siyo kazi yangu. Sasa kazi yangu ni ipi, sijaelewa vizuri.

Usiwe na wasiwasi. Ni ishu ndogo ndogo za kukua.

Tunu


Chamazi, Dar es Salaam
3 Machi 2024

Shangazi, shikamoo.

Nisamehe kukawia. Kazi nyingi. Nimepata barua zako zote tatu.

Studio inaendelea. Tumerudi Chamazi kwa muda, Kinondoni kulikuwa na kelele mno. Rogers yuko Mwanza kikazi. Sehemu ya pili itatoka Mungu akipenda, ila vitu vizuri havikimbizwi. Wakikuuliza huko kwa nini Kifaurongo haionekani tena kwenye simu, waambie inafanyiwa ukarabati.

Sina mengi. Nakuwekea dawa ya mgongo na kitambaa cha gauni.

Mwanao,
Tunu


Masasi
21 Julai 2024

Mwanangu Tunu,

Nisikilize vizuri, na unijibu kama ninavyokuuliza.

Watu wa hapa wanasema mimi ninazungumza redioni. Kwanza walikuwa wananipungia mkono tu, nikadhani ni habari za mchezo. Kisha mama mmoja akanishika mikono sokoni akanishukuru. Kisha mwingine akaniangalia vibaya. Nilimwomba Benedicta aniandikie wanasema nini. Ameniandikia kwamba kuna dawa ya unga ya kisukari inatangazwa na bibi mmoja anayeitwa Bibi Mshauri, na Bibi Mshauri ni mimi. Siyo anayefanana nami. Ni mimi, anasema, hata ninavyovuta pumzi.

Ukipiga namba waliyoitaja unajiandikisha kwa jina. Tangu hapo, kila asubuhi bibi huyo anakupigia mwenyewe. Anakuita jina, anakuuliza umeamkaje, anakuuliza kama miguu inakuwaka moto, anakukumbusha unga wako. Zubeda ana kisukari, hilo unalijua. Zubeda amejiandikisha. Ameacha vidonge vya hospitali tangu mfungo wa Ramadhani, kwa sababu bibi amemwambia mwili unatakiwa upumzike kumeza vidonge. Benedicta alipomkemea alijibu kwamba Mwalimu Mwajabu hajawahi kumdanganya mtu.

Nilimwendea Zubeda nikamwambia siyo mimi. Alicheka akanipapasa bega.

Sasa swali langu. Mimi ni mzee na sijisikii. Nilisoma karatasi nyingi mle chumbani, zingine nikiwa nimechoka. Je, nilisema kwamba watu waache vidonge? Nimekaa kitandani najaribu kukumbuka. Nakumbuka majina na nakumbuka miguu. Vidonge sivikumbuki. Lakini kama watu wote wamenisikia nikisema, na mimi peke yangu sijanisikia, nani wa kuaminiwa?

Kama nilisema, niambie nilisema.

Mwajabu


Barua pepe
Kutoka kwa: Tunu
Kwenda kwa: Rogers
26 Julai 2024

Rogers,

Nilikufungia simu, kwa hiyo naandika huku. Usijibu habari za mie na wewe. Jibu nitakachouliza.

Uliondoka bila kuaga siku Audax alipobeba kompyuta. Nilibaki pale Kinondoni na vijana wale wananitazama wakingoja niwaambie kitu, na sikuwa na cha kuwaambia kwa sababu sikujua. Mpaka leo sijui tulianguka kwa nini. Tulikuwa tunapendwa. Halafu matangazo, halafu watu wakahama, halafu asubuhi moja mlango una kufuli jipya. Nauza vifuniko vya simu pale pale kwa fundi, Chamazi. Shangazi nimemwambia studio inaendelea, maana Masasi nzima ameshawaambia habari za vioo.

Leo nimepiga ile namba ya Bibi Mshauri. Ni yeye, Rogers. Nilijiandikisha kwa jina langu. Aliniita Tunu. Akaniambia nipumzike kumeza vidonge, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiniogeshea nilipokuwa mtoto. Shangazi anadhani labda alisema mwenyewe akasahau. Anadhani akili inamtoka.

Mle chumbani mlikuwa mnafanya nini?

Tunu


Barua pepe
Kutoka kwa: Rogers
Kwenda kwa: Tunu
27 Julai 2024

Tunu,

Hakusema. Mwambie leo leo, kabla hujasoma mengine.

Nilikuwa naifundisha kompyuta sauti yake. Ukishairekodi ya kutosha, mashine inaijua, halafu unaandika sentensi yoyote na inaisoma kwa sauti hiyo. Audax alisema ni ili tuweze kuongeza maneno ya bibi bila kumsafirisha mzee kila mara. Niliona ni huruma. Majina nilidhani ni ya wachezaji. Habari za miguu nilidhani ni za hospitali ya sehemu ya pili, ambayo nilidhani wewe umeichora.

Nilidhani unajua, Tunu. Wewe ndiye uliyekuwa vikaoni na Audax. Nilikuwa nawaona kupitia kioo mnatikisiana vichwa, nikasema basi, wameshaelewana, mie ni fundi tu. Nilikasirika hukunishirikisha, ndiyo maana niliondoka kimya. Nilifikiri umeniuza. Sasa naona na wewe ulikuwa unafikiri mie najua.

Hatukumwandikisha shangazi chochote, wala sie na Audax hatukuandikiana sauti ni ya nani. Alichukua kompyuta na kila kilichokuwemo. Nimejaribu kumtafuta leo, namba haipatikani. Hiyo kampuni ya unga sijui ni yake au amewapa wengine.

Nafundisha kompyuta chuoni huku Mwanza. Wanafunzi wangu wananiuliza kama ni kweli nilitengeneza Kifaurongo, nasema hapana.

Rogers


Chamazi, Dar es Salaam
29 Julai 2024

Shangazi, shikamoo.

Hukusema. Akili yako ni nzima. Habari za vidonge hukuzisoma, wala Rogers hakukupa karatasi ya namna hiyo. Kuna mashine ilijifunza sauti yako kutoka kwenye yale majina na yale maneno, na sasa inasema yenyewe chochote mtu atakachoiandikia. Aliyenayo ni Audax, au mtu aliyepewa na Audax.

Na studio haipo. Ilikufa mwaka jana mwezi wa kumi. Kinondoni hakukuwa na kelele. Tulifungiwa nje. Mchezo haufanyiwi ukarabati, umeondolewa. Sikujua nikuandikie nini, nikawa naandika hivyo.

Nimekwenda polisi. Afande alinisikiliza vizuri, akaniuliza kilichoibiwa ni nini. Nikasema sauti. Akauliza kama mwenyewe bado anaongea. Nikasema ndiyo. Akaweka kalamu chini, siyo kwa dharau, alikuwa amechanganyikiwa kama mie. Amesema nirudi na wewe.

Mwambie Zubeda arudie vidonge. Mpe Benedicta barua hii amsomee.

Tunu


Masasi
18 Agosti 2024

Tunu,

Nimesoma barua yako mara nyingi. Habari ya studio nilikuwa nimeishuku, maana mtu mwenye ofisi hapati nafasi ya kuchagua kitambaa cha gauni. Tutaliongea tukionana.

Benedicta alimsomea Zubeda barua. Zubeda akasema hajawahi kuona mashine inayojua jina lake.

Basi nikaamua kwenda redioni mwenyewe. Meneja nilimfundisha darasa la tatu, akanipokea kwa heshima akanipa dakika za kusema kabla ya taarifa ya habari. Nilisema: Mimi ni Mwalimu Mwajabu, yule Bibi Mshauri siyo mimi, rudini hospitali. Nilisema polepole, kwa uangalifu. Nilipotoka nilimwona meneja hanitazami usoni.

Benedicta hakutaka kuniandikia nilisikikaje. Nilimlazimisha. Anasema sauti yangu imebadilika, shangazi yako sasa anasema kwa nguvu na bila kupanda wala kushuka, na maneno mengine yananing'ang'ania kwenye meno. Watu walipiga simu redioni wakilalamika kwamba kuna bibi wa bandia ameletwa kumchafua Mwalimu Mwajabu. Wengine walinionea huruma. Kila aliyepiga alisema wa kweli anamjua, ni yule wa asubuhi.

Meneja ameondoa tangazo, kwa heshima yangu. Lakini simu zinaendelea kuwapigia watu, zile hazitoki kwake.

Nilirudi nyumbani nikakaa. Kesho yake sikufungua mlango. Nilijiambia nisiseme tena mbele ya mtu.

Jumatano Zubeda alianguka uani. Kidonda cha mguu alikuwa amekificha ndani ya soksi. Yuko hospitali ya misheni, wamemkata vidole viwili na hawajui kama wataishia hapo. Nakaa naye mchana. Ananiambia kitu, kila siku kitu kile kile naona midomo yake, na sikishiki. Benedicta yuko zamu zahanati na wauguzi wa pale wana kazi nyingi kuniandikia maongezi ya wazee.

Njoo.

Mwajabu


Masasi
9 Septemba 2024

Rogers,

Huku mtandao ni wa kubahatisha, naandika kwa mkono, nitakutumia kwa basi kupitia Dar. Niko Masasi tangu wiki iliyopita.

Zubeda atapona. Mguu umebaki, bila vidole viwili. Sukari imeshuka, vidonge anakunywa, ila anavinywa kama mtu anayemfanyia mgeni hisani. Malalamiko tumeyaandikisha hapa, mie na shangazi, na safari hii afande alimtaka aseme kitu, halafu akapiga ile namba, akazisikiliza sauti zote mbili. Ameandika. Anasema litakwenda Dar, na sijui litafika wapi. Na wewe utatakiwa kueleza ulivyoifundisha ile mashine. Usikimbie.

Umeniuliza kwenye ujumbe wako kama tunaweza kuanza upya, Ukuti nyingine, wewe na mie. Sijui, Rogers. Siwezi hata kuchora mkono. Kila nikishika penseli najiuliza hiki ninachochora kitaishia kwa nani.

Nataka nikueleze jambo moja la hospitalini, kwa sababu sina mwingine wa kumweleza atakayeelewa.

Siku ya kwanza nilimkuta shangazi amekaa kwenye kiti mbali na kitanda, mikono mapajani, hasemi. Zubeda naye amelala anamtazama. Wanakaa hivyo kutwa. Shangazi akaniambia kwa ile sauti yake mpya, na wodi nzima ikageuka, "Mwulize anachoniambia kila siku ni nini. Niandikie." Aliona watu wamegeuka, akafumba mdomo.

Nikainama kwa Zubeda. Kabla sijauliza, simu yake ikaita. Nikaiona namba, nikatoka nayo barazani. "Zubeda, habari za asubuhi, umeamkaje?" Nilitaka kukata, sikukata. Nilisikiliza mpaka mwisho. Ni sauti aliyokuwa nayo shangazi zamani na sasa haiko kwingine kokote, hata yeye hana. Nilimchukia aliyeitengeneza, na aliyeitengeneza ni wewe na mie, na bado nilisikiliza. Halafu nikaifunga ile namba isipige tena, nikarudi ndani.

Nikamwuliza, "Mama Zubeda, ulikuwa unamwambia nini shangazi?"

Akasema, "Nilikuwa namwomba msamaha. Lakini na yeye anisikilize. Namjua Mwajabu wangu. Nilijua yule wa kwenye simu ana kasoro, Mwajabu hajawahi kuniuliza nimekula nini, anakuja anafunua chungu mwenyewe. Nilijua. Ila huyu wa ukutani kwangu aliacha kusema nami tangu masikio yamfe. Nikimwita hageuki, nikimfuata ananipungia mkono anaingia ndani. Yule wa kwenye simu alikuwa anasema nami kila siku."

Nilibaki na karatasi mkononi. Ningeweza kuandika ile ya msamaha tu. Nimemwandikia shangazi uongo kwa miezi na mkono ulikuwa umeshazoea, sentensi fupi nzuri ilikuwa tayari. Nikaandika yote, kama Zubeda alivyosema, mpaka ile ya chungu.

Shangazi alisoma bila miwani, karatasi karibu na uso. Alisoma mara ya pili. Sikuweza kujua kama amekasirika. Akanirudishia karatasi, akasimama, akakivuta kile kiti sakafuni mpaka magoti yake yakagusa kitanda. Kisha akaanza kusema. Hakusema habari za redio wala za vidonge. Alisema choroko za Zubeda zimeota magugu uani, na kuku mweupe amehamia kwake, na fundi bomba amekuja akaondoka bila kufanya kitu. Kwa sauti ile, Rogers, kubwa, isiyopanda wala kushuka. Wagonjwa wakageuka. Muuguzi akaja kumwomba apunguze, akaona shangazi hamsikii, akasimama tu.

Safari hii shangazi hakuwatazama waliogeuka. Alikuwa anaitazama midomo ya Zubeda. Na Zubeda alikuwa anamjibu polepole, anaufungua mdomo kwa kila neno kama anamlisha, na neno lisipoeleweka analirudia.

Tunu